Taa Nyeusi ya Mubi

Nilipouona ukurasa wangu kwa mara ya kwanza, taa ilikuwa nyeusi.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha mama mwenye sekretaria pale Mubi, yaani kile kiduka cha fotokopi na kuchaji simu kilicho mbele ya kituo cha pikipiki. Matope ya njia yalikuwa yamenifika magotini. Mama huyo aliigeuza ordinatere, yaani kompyuta yake, inielekee, kwa furaha ya mtu anayefunua chungu mbele ya mgeni. Ukurasa ulikuwa mweupe kama kitambaa cha altare. Juu kabisa kulikuwa na jina langu kwa herufi ndogo nyeusi. Chini yake zilifuata picha zangu tisa, zimeachana sana, kila moja na weupe wake wa kupumulia. Hapakuwa na maua, wala fremu, wala rangi yoyote. Na katika picha ya kwanza, ya usiku wa kuzaliwa Mwokozi, Mama Maria ameinua taa ya kopo ili amtazame mtoto, na katika taa hiyo ulikuwa ukitoka moshi mzito uliomfunika mtoto uso mzima.

Sikuwa nimechora moshi. Nilikuwa nimechora mwanga.

"Unaona, Papa?" akaniambia. "Safi kabisa. Hakuna makelele. Muntu anafungua, anaona picha, basi."

"Mama, taa imezimika," nikasema.

Akainua macho kuangalia balbu iliyoning'inia juu yetu. "Taa gani? Iko inawaka."

Ili mtu aelewe hasira iliyonishika pale, na bado nairipoti kwa aibu kwa sababu nimewafundisha wengine uvumilivu maisha yangu yote, ni lazima nieleze ninavyochora.

Mimi ni mkulima wa maharage na mihogo, na ni katekista. Kanisa letu la Mpofi ni chumba kimoja chenye paa la mabati. Jumapili ni kanisa, Jumatatu ni darasa. Ndivyo ilivyokuwa pia kule milimani Masisi tulikotoka. Ubao mweusi, ambao sisi tunauita tablo, upo ukutani upande wa kushoto wa altare, na ni mali ya shule. Tangu nilipopewa kazi hii nikiwa kijana, nimewachorea watoto Injili juu ya tablo ya shule kwa chaki ya shule. Sheria ni mbili. Napewa kipande kimoja tu cha chaki kwa juma. Na misa ikiisha, nafuta, ili Jumatatu mwalimu aikute tablo safi.

Kipande kimoja hakikubali mapambo. Kilinifundisha kuacha. Mtu anayechora kwa kalamu juu ya karatasi anaweka giza: anachora nywele, anachora kivuli chini ya kidevu, anachora mstari wa bega. Kwenye tablo giza tayari lipo. Mungu ameshaliweka. Kazi yangu ni kuuliza mwanga unaingilia wapi, kisha nauweka pale tu, na mahali pengine sigusi. Mstari mmoja kwenye paji la uso, mmoja kwenye kifundo cha mkono. Palipo na taa au moto nalaza chaki ubavu, kisha nasugua kwa kiganja mpaka ubao ung'ae. Sijawahi kuchora kivuli maishani mwangu. Ndiyo maana picha zangu nyingi ni za usiku, na ndiyo maana watoto wa mstari wa nyuma, hata mvua ikitia giza ndani ya kanisa, huziona.

Zingekuwa zimepotea zote kama si direktrise, mwalimu mkuu wa shule yetu. Miaka mingi sikujua kwamba kila Jumapili, wakati mimi nawasindikiza waumini mlangoni, yeye huipiga picha tablo kwa simu yake kabla sijarudi na kitambaa. Siku nilipomkamata alinikemea yeye badala ya kunipa maelezo.

"Papa katekista, mikono yako haina huruma. Unachora, unafuta, unachora, unafuta. Weye uko sawa na mvua."

"Tablo ni yako, Mama. Wewe ndiye uliyesema nifute."

"Nilisema ufute tablo. Sikusema ufute Mama Maria."

Tulipohama Masisi alikuja nasi, na ile simu aliileta ndani ya mfuko wa mbegu za maharage. Alipobadilisha simu alizihamisha picha zote. Mimi nilicheka wakati ule. Niliona kwamba chaki imeumbwa ili ifutwe, kama sauti ya mahubiri.

Halafu padri wetu akaja na habari. Komisio ya katekesi ilikuwa inaandaa kitabu cha watoto wa komunyo ya kwanza kwa parokia zote za upande wetu, na ilikuwa inatafuta mchoraji. Kwa kuwa barabara haziaminiki, hawakutaka karatasi. Kila mchoraji aonyeshe kazi yake kwenye internet, kwenye tovuti yake mwenyewe, kabla ya Majilio kuanza.

Nitasema wazi kwamba niliitamani kazi ile kuliko kitu chochote nilichokitamani tangu nimwoe mke wangu. Kitabu tulichokuwa nacho kilichorwa na watu wa mbali. Zizi la Betlehemu lilikuwa na theluji juu ya paa, na kila mwaka mtoto mmoja aliuliza kama ule ni unga wa mihogo umeanikwa. Nilikuwa nawaambia ndiyo, Mungu anisamehe, maana jibu la kweli lilikuwa refu. Nilitaka kabla mkono wangu haujaanza kutetemeka mtoto wa Mpofi au wa Buleusa afungue kitabu amwone Mama wa Mungu amebeba kuni, kamba imepita kwenye paji la uso, kama mama yake. Na nilitaka asubuhi ya Jumatatu amkute bado yupo pale.

Direktrise akachagua picha tisa. Kwetu rezo ya simu ni ya kupanda kilima na kuinua mkono, kwa hiyo alimpa mfanyabiashara mmoja simu aende nayo hadi Mubi, kwa yule mama wa sekretaria. Ni mama mkatoliki kutoka upande wa Butembo, mwenye maduka mawili na ulimi mmoja unaotosha kwa yote mawili. Alikuwa amejifunza kutengeneza tovuti, na alikubali kwa moyo mzuri. Alisema atafanya kwa ajili ya Bikira.

Nami nilimtumia karatasi mbili za salamu. Nilianza kwa kumshukuru Mungu, kisha wazazi wangu, kisha walionifundisha, kisha direktrise, kisha wanakwaya, maana wao ndio wanaonishikia ngazi. Kwetu mtu haingii katika nyumba ya watu na kuanza kuonyesha vitu vyake kabla hajasalimu.

Basi siku ile Mubi, nilipoacha kuitazama taa, niliuliza salamu zangu ziko wapi.

"Nilizitoa," akasema.

"Zote?"

"Papa, muntu wa komisio iko na tovuti makumi ya kuangalia. Akikuta karatasi mbili za aksanti, atafikiri umekufa na hii njo mahubiri ya kilio chako." Akanigusa mkono. "Jina lako, picha zako, na nafasi tupu. Nafasi tupu njo heshima yenyewe."

Ajabu ni kwamba hapo nilimwelewa. Nafasi tupu naijua. Nimeishi nayo miaka yote kwa kipande kimoja cha chaki. Kama angekuwa ameniwekea maua ya plastiki na malaika wanaopepesa macho, kama zile kadi za harusi alizobandika mlangoni, ningelia. Huyu mama alitaka kilekile ninachotaka. Kwa hiyo nilimeza salamu zangu, nikarudi kwenye taa.

"Kwa nini umezigeuza?"

Akaeleza bila wasiwasi. Picha zilipofika zilikuwa miraba tisa myeusi. Alipoziweka kwenye ukurasa mweupe zilionekana kama nyumba iliyovunjwa madirisha. Ndipo akakumbuka kuna mahali pa kubonyeza, nyeusi inakuwa nyeupe na nyeupe inakuwa nyeusi. Akabonyeza. "Dakika moja tu! Zote tisa zikaenea kwenye ukurasa sawa maji."

"Lakini Mama, nyeupe ile ilikuwa mwanga. Umegeuza mchana kuwa usiku. Mtoto ana masizi."

"Mistari ni ileile, Papa. Sijatoa hata mumoja."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililonichoma. Penye mistari mitupu picha ilistahimili. Kuni zilikuwa kuni, kamba ilikuwa kamba. Lakini kila mahali niliposugua kwa kiganja, kila mahali penye moto, taa, malaika, kaburi lililofunguka, palikuwa na doa kama la chungu kilichoungua.

Akaita mashahidi. Mama aliyekuja kupiga fotokopi ya kadi ya kura akasema picha ni nzuri, Mungu asifiwe. Motari mmoja, mwendesha pikipiki wa pale kituoni, ambaye simu yake ilikuwa inachajiwa pale, akainamisha kichwa huku na huku.

"Iko sawa, Papa. Hapa Mubi hata mwanga iko mweusi, juu ya moshi ya jenereta."

Wakacheka wote. Nami nikacheka kwa adabu, nikalala parokiani, nikarudi Mpofi nikiwa nimefunga mdomo njia nzima. Dereva wa pikipiki alifikiri naumwa.

Nyumbani hakuna aliyenisaidia. Padri alipanda kilimani, akaufungua ukurasa kwenye simu yake, akanipongeza. "Mzee, ni ya kisasa. Usijisumbue." Direktrise alikuwa amerudi Masisi kusimamia mitihani. Nilianza kujiuliza kama ni kiburi. Labda mzee anagombana na watu wema kwa ajili ya kitu ambacho hakuna macho mengine yanayokiona. Niliungama hasira yangu, na nilipomwambia padri kwamba ni hasira juu ya ordinatere nilimsikia akivuta pumzi kwa pua ili asicheke. Alinipa salamu Maria tatu. Nilizisali, na baada ya ya tatu hasira ilikuwa bado imekaa pale pale, imevaa viatu.

Mke wangu hakuwa ameona. Hapendi simu. Siku moja padri alipopita shambani kwetu nilimwomba amwonyeshe. Aliishika mbali na uso, kama mtu anayesoma mizani ya muuzaji asiyemwamini.

"Nani amemuchafua huyu mutoto?" akauliza.

Padri akaichukua simu yake, akaitazama tena, muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Siku ya pili yake alinitafutia nafasi kwenye lori la wafanyabiashara lililokuwa linaenda Mubi. Juma moja lilikuwa limebaki kabla ya Majilio.

Lori lilikwama mara tatu. Tulisukuma. Kwa umri wangu nilipewa kazi ya kusali, na nilisali kwa sauti kubwa kuliko kawaida, maana nilikuwa naona siku zinapita katika kila tope. Tulipofika Mubi nilikuta mlango wa sekretaria umejaa watu, na mama mwenyewe hana nafasi.

"Papa, karibu! Ukurasa unafunguka muzuri, nimeujaribu kwa simu tatu."

"Nimekuja kwa ajili ya taa."

"Mungu wangu. Taa tena."

Sikuwa na njia ya kumwambia ambayo sikuwa nimeshaitumia. Ndipo nilipouona, nje ya mlango, umeegemea ukuta: ubao uliopakwa rangi nyeusi, ambao mama huyo huandikia kwa chaki kazi anazofanya. Fotokopi. Picha za pasi. Kuchaji. Chini ya ubao, kwenye kopo, vipande vya chaki.

"Naomba nifute ubao huu," nikasema.

"Papa, hiyo njo duka yangu!"

"Nitaandika tena. Mwandiko wangu ni mzuri."

Nikafuta kwa mkono wa koti. Nikapiga magoti, maana ubao ulikuwa chini, na motari yule yule wa mara ya kwanza akasema, "Sasa Papa anauombea ubao." Nilichora paji la uso la Mama wa Mungu. Nilichora kifundo cha mkono ulioinuka, na ukingo wa kopo. Mtoto sikumchora hata kidogo. Halafu nikalaza chaki ubavu, nikasugua kwa kiganja kutoka kwenye taa kushuka chini, mara moja, mara mbili, na mtoto akawa pale, kwa sababu mwanga ulikuwa umempata.

Nyuma yangu motari akasema polepole, "Ah. Anaiwasha."

Mama wa sekretaria alikuwa amesimama mlangoni na karatasi za mtu mkononi. Alitazama ubao, akaingia ndani, akatazama ordinatere yake, akatoka tena. Hakuomba radhi. Si mama wa kuomba radhi mbele ya wateja.

"Basi shida haiko picha," akasema. "Shida iko ukurasa wangu. Niliupaka nyeupe."

Wateja wakangoja. Aliketi, akazigeuza picha zote tisa zikarudi kama zilivyokuwa, kisha akaufanya ukurasa wote uwe mweusi, mweusi wa tablo, mpaka kingo za picha zikapotea na usijue picha inaanzia wapi na ukurasa unaishia wapi. Jina langu akaliandika kwa nyeupe, dogo. Kulikuwa na ile miangaza tisa tu, mmoja chini ya mwingine, na giza katikati. Nilijiona kama niko kanisani na mvua inanyesha.

Nikamwomba mstari mmoja wa salamu. Akavuta pumzi. Akaniruhusu maneno matatu chini kabisa, mahali ambapo, kwa maneno yake, hayatamsumbua mtu: Aksanti kwa Mungu. Halafu akanikabidhi kopo la chaki niandike upya kazi za duka. Lakini picha alikataa niifute. Ilinibidi niandike Fotokopi pembeni, kwa herufi nyembamba, karibu na kiwiko cha Mama wa Mungu.

Jibu la komisio lilifika baada ya Epifania. Padri alilisoma kanisani kabla ya baraka, na wanakwaya wakapiga vigelegele kabla hajamaliza, kwa hiyo sehemu ya mwisho alinisomea mimi peke yangu, ndani ya sakristia. Wamenichagua. Wamezipenda picha zote tisa. Waliusifu hata ukurasa wenyewe, walisema hawajaona mwingine mtulivu kama huo. Ila kitabu kitatolewa kwa mashine za fotokopi za parokia, na karatasi nyeusi zinamaliza wino wa mashine kabla ya kitabu cha kumi. Kwa hiyo wananiomba nizichore upya, nyeusi juu ya nyeupe, kwa kalamu. Waliandika kwamba kwa mchoraji kama mimi haitakuwa kazi ngumu.

Nilipiga simu Mubi kutoka kilimani. Mama wa sekretaria alicheka mpaka rezo ikakatika. Nilipompata tena alisema, "Papa, minaweza kubonyeza. Dakika moja tu." Nikamwambia amsalimie mumewe.

Nashukuru. Nasema hivyo kila asubuhi na ni kweli. Mtoto wa Buleusa atafungua kitabu na theluji haitakuwepo. Lakini nina miaka mingi, na nimepewa kazi nisiyoijua: kuweka giza. Nakaa mezani karibu na dirisha, direktrise amenipa karatasi bila kuzihesabu, na mkono wangu kila mara unakimbilia kwenye taa. Nachora taa kwanza, kwa mazoea, na papo hapo imeshakuwa nyeusi. Karatasi hiyo inaenda jikoni kuwashia moto. Inabidi nianzie mbali, kwenye pembe ambazo maisha yangu yote sikuwahi kuzigusa, nizizibe mstari kwa mstari, ukuta, majani ya paa, mgongo wa mbuzi, nikiuzunguka mwanga bila kuukanyaga. Kiganja hakina kazi. Kikigusa kinachafua.

Jana mke wangu alisimama nyuma yangu na sahani ya maharage, akaiangalia karatasi ya kumi na moja.

"Mutoto amenawa," akasema.

"Umeona?"

"Nimeona. Lakini mama yake hana mukono."

Nikatazama. Ilikuwa kweli. Ule mkono unaoinua taa nilikuwa nimeuacha mweupe kabisa kwa kuogopa kuizima taa, na ulikuwa umepotea ndani ya mwanga mpaka begani. Nilikula maharage yangu. Kisha nikachukua karatasi nyingine, nikaanza tena kwenye pembe ya ukuta.